Nimewaachia vijana

Jumamosi moja nilipanda Machame kwa mama nikiwa na karatasi nne kwenye pochi, rasimu ya kwanza kabisa ya dodoso letu, bado ina makosa ya kuchapa. Nikamkuta barazani anachambua maharage. Shikamoo mama, marahaba, nikavuta kigoda nikamwambia leo nina kazi na wewe, nataka nikusomee maswali haya unijibu kama vile hunijui, kama vile ni mtu tu nimetumwa na mradi. Akasema haya mgeni, uliza.

Mama ana miaka 71. Ni mwalimu mstaafu, darasa la tatu na la nne, hisabati na Kiswahili, kafundisha zaidi ya miaka 30 na mpaka leo ukishuka naye soko la Kwasadala kuna watu wazima wenye watoto wao wanamuona wanaacha walichoshika wanasema shikamoo Mwalimu. Basi nikaanza. Je, unapata shida kukumbuka mambo? Hapana. Je, unasahau majina ya watu unaowafahamu? Hapana. Je, huwa unachanganyikiwa? Hapo akaniangalia kidogo. Hapana. Maswali 18, hapana 18, nikajumlisha palepale ikaja sifuri na kwa kweli nilifurahi, sio kama mtafiti, kama mtoto wake.

Jioni akapita mama mmoja wa kikoba chao kuuliza kaunta buku, wanataka kuangalia mkopo wa mtu. Mama akamwambia nilishamkabidhi yule binti tangu mwezi wa pili, nenda kwake. Nikashtuka. Mama ndiye katibu wa kile kikoba tangu kimeanza, hisa za kila mtu, mfuko wa jamii, mikopo, riba, kila kitu kwa mkono wake, mwandiko ule wa ubaoni ulionyooka, na siku za mkutano alikuwa anavaa kama anaenda kazini. Nikamuuliza mama, umeacha ukatibu? Akasema nimewaachia vijana. Akainuka akaingia jikoni.

Nililala na hilo neno, nimewaachia vijana, na ile sifuri kwenye pochi.

Ngoja nieleze kazi yenyewe. Mimi ni nesi, nilikaa wodini miaka kadhaa halafu nikaingia kwenye kikundi kidogo kinachotengeneza dodoso la Kiswahili la kuwauliza watu wazima wenyewe kama akili na kumbukumbu zao zimeanza kubadilika. Wenyewe, sio watoto wao, na sio kuwapa mtihani. Mitihani ipo siku nyingi. MMSE ilitoka 1975, ina alama 30, mtu anaulizwa tarehe, anahesabu kurudi nyuma, anaandika sentensi. MoCA ikaja 2005 kutoka Montreal, nayo alama 30, na waliona wenyewe kwamba shule inaingilia majibu, ndio maana aliyesoma miaka 12 au chini anaongezewa alama moja. Hapa kwetu wilaya ya Hai, Kilimanjaro, hiyo alama moja haitoshi, kuna bibi hajawahi kushika kalamu, ukimwambia chora saa unapima kitu kingine kabisa. Na Hai tuna bahati maana huku huku ndiko ulikofanyika utafiti mkubwa wa dimensia, yaani ugonjwa wa kumbukumbu na akili kudhoofika, wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea, ukatolewa 2013, wakakuta baada ya kurekebisha kwa umri kama asilimia 6.4 wana dimensia, na kutokana na kazi hiyo kikatengenezwa kipimo cha IDEA ambacho hakihitaji kalamu. Mzee anaulizwa daraja ni nini, anataja wanyama kwa dakika moja, anapanga njiti za kiberiti. Kipimo kizuri sana, nakiheshimu.

Aina ya pili ni kumuuliza ndugu. Huko Australia mtafiti Jorm na wenzake walitoa dodoso la IQCODE mwaka 1989, maswali 26, ndugu anaulizwa huyu mzee ukimlinganisha na alivyokuwa miaka 10 iliyopita yukoje, bora zaidi, vilevile, au mbaya zaidi. Hiyo mimi naiona ni akili kubwa mno, maana mtu analinganishwa na nafsi yake mwenyewe, halinganishwi na profesa, kwa hiyo suala la shule linapungua sana. Halafu 2005 wakatoka watu wa Chuo Kikuu cha Washington kule St. Louis na AD8, maswali 8 tu ya ndiyo na hapana, ukipata 2 au zaidi ni dalili ya kufuatilia.

Sasa tatizo la ndugu huku kwetu kila Mchagga analijua. Watoto wako Dar, Arusha, Mwanza, wengine nje kabisa, wanapanda Desemba magari yamejaa wanakaa wiki mbili, nyumba ina watu 30, mbuzi wamechinjwa, mzee amekaa kwenye kiti chake anatabasamu na kila mtu anamsalimia, halafu Januari wanashuka. Huyo ndiye ndugu unataka umuulize baba yako amebadilikaje kwa miaka 10? Atakwambia mzee yuko fiti kabisa. Na wa nyumbani wakati mwingine ni kijana wa kazi mwenye miezi minne. Hiyo ndio sababu mojawapo tulitaka kumuuliza mzee mwenyewe.

Sababu nyingine ni kwamba mwanzoni kabisa anayejua wa kwanza ni yeye mwenyewe. Kabla mtihani haujaona kitu, kabla mke hajaona, yeye anajua kwamba ile hesabu aliyokuwa anaipiga kichwani sasa anahitaji kidole. Mwaka 2014 kundi la watafiti wakiongozwa na Frank Jessen wa Ujerumani waliweka utaratibu wa kulielezea hili, mtu anaona mwenyewe amepungua ingawa kwenye vipimo bado yuko sawa, na baadhi ya watu wa namna hiyo, sio wote wala sio wengi wao, miaka ikienda ndio wanaopata dimensia. Marekani CDC, taasisi ya serikali ya afya ya umma, wao walikuwa wakiwauliza watu wa miaka 45 na zaidi kwa simu kama ndani ya miezi 12 iliyopita kuna kuchanganyikiwa au kupoteza kumbukumbu kunakozidi, na takriban mmoja kati ya 9 alisema ndiyo. Baadaye ugonjwa ukishakomaa mambo yanageuka, mtu anapoteza hata uwezo wa kuona kwamba amepoteza, hapo ukimuuliza anakwambia niko sawa na anamaanisha, sio kwamba anaficha. Kwa hiyo dodoso la kujieleza lina dirisha lake, na dirisha lenyewe ni la mwanzoni, wakati ambapo bado unaweza kumsaidia mtu kupanga mambo yake.

Basi tukakaa kutengeneza. Tukaanza kama wengi wanavyoanza, tukachukua maswali yaliyopo ya Kiingereza, mmoja akatafsiri, mwingine ambaye hajaona asili akarudisha kwa Kiingereza, tukalinganisha, tukaona yamefanana tukapongezana. Kurudisha tafsiri kunakuonyesha kama maneno yamefanana, hakukuonyeshi bibi wa Machame ameelewa nini. Mfano hilo neno kuchanganyikiwa. Kwenye kamusi liko sawa kabisa. Lakini ukimwambia mtu umechanganyikiwa wewe umemtukana, umemwambia ni kichaa, na sisi tulikuwa tunawauliza wazee wa watu mbele ya wajukuu zao je huwa unachanganyikiwa. Ndio maana mama aliniangalia vile.

Na akili ndio usiseme. Kwenye fomu ya ridhaa tuliandika juu kabisa utafiti wa afya ya akili, mzee wa kwanza kuisoma akaturudishia karatasi kwa heshima zote akasema mimi sina huo ugonjwa, nendeni kwa fulani. Tukabadilisha ikawa utafiti wa kumbukumbu na shughuli za kila siku, tukakaribishwa chai.

Halafu mawazo. Tulikuwa na swali linauliza je, siku hizi mawazo yako yanakwenda polepole au yanakupotea. Bibi mmoja akashika shavu akasema mjukuu wangu, mawazo ninayo mengi tu, mengi mno, akaanza kueleza habari za mtoto wake aliyefariki na shamba lenye kesi. Kwa Kiswahili mtu mwenye mawazo ni mtu mwenye huzuni, kila nesi analijua hilo, sijui tulilipitaje. Na hili linaenda mbali kuliko neno. Duniani kote inajulikana kwamba mtu akilalamika anasahau, mara nyingi unachokisikia ni huzuni au wasiwasi au kukosa usingizi kuliko ubongo kuharibika, kwa hiyo dodoso lolote la kujieleza lisilouliza na huzuni pembeni linakusanya watu wawili tofauti kwenye gunia moja. Tukaongeza PHQ-9, maswali tisa ya kupima huzuni, ambayo kwa Kiswahili ilishafanyiwa kazi Kenya siku nyingi, na ile ya bibi ikatoka juu sana. Hakuwa na tatizo la kumbukumbu. Alikuwa na msiba.

Neno lililotuchosha zaidi ni kusahau lenyewe. Mzee hapendi kusema nimesahau, anasema nimepitiwa. Tukasema basi tutumie lugha yao, tukaandika je, huwa unapitiwa? Heee, kila mtu ndiyo! Wazee ndiyo, sisi wenyewe ofisini ndiyo, dereva ndiyo. Kupitiwa ni kwa binadamu wote, ni kuacha funguo kwenye mlango, ni kuingia chumbani usijue ulifuata nini. Kuna dodoso la zamani la Uingereza la Broadbent na wenzake, 1982, maswali 25 ya mambo ya namna hiyo, umesoma ukurasa hukumbuki ulichosoma, hujui kama umezima taa, na halikutengenezwa kwa ajili ya dimensia hata kidogo, linapima utelezi wa kila siku, na kijana mwenye stresi anaweza kupata alama za juu kuliko bibi yake. Swali ambalo kila mtu anajibu ndiyo halina kazi sawasawa na lile ambalo kila mtu anajibu hapana, maana halimtenganishi mtu na mtu. Kusahau kulitupa hapana tupu, kupitiwa kukatupa ndiyo tupu, na tulichokuwa tunakitafuta kimelala katikati hakina jina.

Kuna mambo mengine madogo ambayo nayasema haraka kwa faida ya atakayefanya kazi hii. Usiulize swali la kukanusha. Ukimwuliza Mswahili je, huna shida ya kukumbuka, akijibu ndiyo anamaanisha ndiyo, sina, na tableti inahesabu ana shida. Usiweke mara chache, wakati mwingine, mara kwa mara, mara nyingi ukadhani hiyo ni ngazi, tulimwomba mzee mmoja azipange akasema mara kwa mara na mara nyingi ni kitu kimoja, na ukiwauliza watu wanne utapata mipangilio minne. Sisi tukaishia kuchora glasi nne, moja tupu, moja ina maji kidogo, moja nusu, moja imejaa, mzee anaweka kidole. Na hivi karibuni liondoe, mtu mmoja karibuni yake ni jana na mwingine ni kabla ya Korona.

Muda wenyewe nao una namna yake. Ukisema miaka 10 iliyopita mzee anakubali kwa kichwa tu ili mwendelee. Ukimwambia mwaka ule wa uchaguzi uliomwingiza Magufuli, wakati ule ulikuwa unaishi na nani hapa, ulikuwa unalima wapi, hapo macho yanabadilika, anarudi kule kweli, ndipo unamuuliza sasa na leo. Inachukua dakika tano zaidi kwa mtu mmoja na wenye fedha za mradi hawazipendi hizo dakika tano, lakini bila hizo unapata kelele tu.

Na mifano. AD8 kwenye swali la kujifunza kutumia vifaa inataja kompyuta, microwave, rimoti, na kwenye fedha inataja kodi ya mapato na kulipa bili. Ni mifano mizuri kwa St. Louis. Kwa mama wa Hai fedha ni chenji ya ndizi sokoni, ni kukumbuka nani kachukua mbege kwa mkopo, ni namba ya siri ya simu. Na hiyo namba ya siri tuliiondoa pia maana nusu ya wazee walishawapa wajukuu zao siku nyingi kwa sababu macho hayaoni vitufe, kwa hiyo tulikuwa tunapima mtoto wa jicho.

Sasa nirudi kwa mama. Niliporudi ofisini Jumatatu niliwaambia wenzangu habari ya kaunta buku na ukatibu, nikawaambia dodoso letu lilimpa sifuri mtu ambaye ameacha kazi aliyoipenda kuliko zote na hakuna hata swali moja lililogusa hapo. Mmoja akasema labda kweli amewaachia vijana, ana miaka 71, si jambo la kawaida? Na ni kweli, inawezekana. Lakini ninavyoona mimi, na hapa ndipo nimesimama mpaka leo, ukimwuliza mzee wa kwetu je unasahau, hujamuuliza habari ya kumbukumbu. Umemuuliza kama bado ni mtu wa kusikilizwa. Mzee ndiye anayejua mipaka ya kihamba, lile shamba la ukoo, nani alimzaa nani, deni la ng'ombe la mwaka gani, akikubali mbele ya mgeni mwenye tableti kwamba anasahau amekabidhi kiti chake, kwa hiyo hapana yake sio uongo, ni kulinda kiti. Wazee wana lugha yao ya kusema kitu hicho hicho bila kuvuliwa nguo. Nimewaachia vijana. Siku hizi napumzika. Hayo yako kwa mwanangu. Mimi sasa ni wa kukaa tu. Tulikuwa tunayasikia maneno haya kila siku tukiwa tunafunga mabegi, baada ya dodoso kuisha, hatuandiki.

Basi tukaandika swali jipya, likapita mikononi mwetu mara nyingi sana kabla halijakaa. Mwanzoni lilikuwa je, umeacha kufanya shughuli yoyote kwa sababu ya kumbukumbu, lile lile kosa, tumerudisha aibu mlangoni. Tukaigawa. Kwanza: kuna kazi au wajibu ambao zamani ulikuwa ukiufanya mwenyewe na watu wakikutegemea, ambao sasa umemwachia mtu mwingine? Ni upi? Anautaja mwenyewe, hatumpi orodha. Halafu: ni nini kilikufanya umwachie? Hapo unanyamaza. Ndilo gumu kuliko yote kwa wakusanya data vijana, kunyamaza, tuliwafundisha kuhesabu moja mpaka kumi kimoyomoyo kabla ya kuongeza neno.

Tuliwajaribia wazee wachache tukiwaomba waseme kwa sauti wanachofikiria wanapojibu. Babu mmoja akasema amewaachia vijana kahawa. Kwa nini babu? Magoti, mteremko ule siuwezi tena. Basi hiyo sio yetu, inaandikwa magoti. Bibi mmoja amemwachia mkwe wake kupika mtori wa sherehe, kwa nini, moshi, macho. Sio yetu. Mzee mwingine, mwenyekiti wa zamani wa ukoo, amemwachia mdogo wake kuongoza vikao vya ukoo. Kwa nini mzee? Akakaa kimya muda mrefu, kijana wetu akavumilia, halafu akasema watu wakiongea wengi, yule akisema hili na yule lile, nikifika wa tatu wa kwanza amenitoka. Hakusema anasahau. Lakini ukimsikiliza amekueleza kitu ambacho daktari angekiandika ukurasa mzima, na angeulizwa kuhusu kumbukumbu angesema hapana. Kitu kimoja tu, yule mzee pia alikuwa hasikii vizuri sikio la kushoto, na kikao cha watu wengi kinamshinda hata mtu mwenye ubongo mzima kama masikio hayapo, kwa hiyo sasa kila anayejibu tunamkagua na masikio. Inatuongezea kazi lakini masikio ni moja ya vitu vichache katika habari hii vinavyotibika, na kutosikia kwenyewe kumetajwa miongoni mwa vihatarishi vya dimensia.

Pia tunawatoa watoto nje. Kwa adabu, tunamtuma mjukuu maji, tunamwomba mama mwenye nyumba atuonyeshe shamba kisha anayehoji anabaki na mzee. Mtoto akiwepo anajibu yeye, baba anasahau sana siku hizi, na mzee anatazama chini, na hapo umeshapata dodoso la ndugu kwa jina la mwenyewe.

Kuna watu wananiandikia wakisikia kazi hii wanasema lete hilo dodoso tuliweke kwenye simu kila mtu ajipime. Nawaelewa lakini naomba tuhesabu kidogo. Chukua wazee 1,000 wa miaka 70 na kuendelea, chukua ile asilimia 6.4 ya Hai, maana yake 64 wana dimensia na 936 hawana. Tuseme dodoso ni zuri, kati ya wagonjwa 100 linawakamata 80, na kati ya wazima 100 linawaacha 80 waende zao. Litawakamata 51 kati ya wale 64, na litawakamata pia wazima 187. Kwa hiyo watu 238 wameambiwa wana dalili na kama wanne katika kila watano hawana dimensia. Hao 187 wakiambiwa kwa simu usiku, peke yao, bila mtu wa kumuuliza, watalala? Na wale 13 waliokosekana wameambiwa wako salama. Dodoso la kuchuja linaonyesha nani akaangaliwe vizuri, halitoi jina la ugonjwa, na kama hakuna pa kumpeleka baada ya hapo basi bora usimuulize kwanza. Kwetu tulikubaliana kabla ya kuhoji mtu wa kwanza kwamba kila anayetoka na alama anaangaliwa presha, sukari, masikio, macho, dawa anazotumia, huzuni, na inapowezekana damu kwa ajili ya tezi ya shingo na vitamini B12, maana kati ya hayo kuna mambo yanarekebishika na mtu akarudi kuwa yeye. Madaktari bingwa wa ubongo ni wachache nchini, foleni ni ndefu, kwa hiyo haya ya karibu lazima yaishe kwanza.

Na hatujamaliza. Bado lazima majibu ya dodoso yawekwe pembeni ya uchunguzi wa daktari ambaye hajaona majibu hayo, bado lazima watu wale wale waulizwe tena baada ya wiki mbili tuone kama wanajibu vilevile, bado tuone kama swali linalofanya kazi Machame kwa watu wa kihamba linafanya kazi tambarare, au Tanga, au Mombasa ambako kupitiwa na kughafilika yana uzito mwingine na wajibu wa mzee ni mwingine. Swali la sensa linalouliza kama mtu ana ugumu wa kukumbuka au kuwa makini, lile la Washington Group, kundi la kimataifa la takwimu za ulemavu, lililotumika Kenya 2019 na kwetu 2012, linaulizwa kwa mamilioni ya watu na aghalabu anayejibu ni mkuu wa kaya kwa niaba ya wote. Kila nikiona jedwali lake namfikiria mtu mmoja nyuma ya nyumba ambaye hakuulizwa.

Nilipanda tena Machame mwezi uliopita na rasimu ya saba. Safari hii sikumwambia mama ajifanye hanijui. Nilisubiri kaka yangu ameenda kanisani kwenye kikao, tukabaki wawili, mvua inanyesha, tukaanza na mwaka ule wa 2015, alikuwa bado anafundisha watoto wa jirani jioni bure, baba alikuwa hai, ng'ombe walikuwa wawili. Tukaongea pale muda mrefu. Halafu nikamsomea, mama, kuna kazi au wajibu ambao zamani ulikuwa ukiufanya mwenyewe na watu wakikutegemea, ambao sasa umemwachia mtu mwingine?

Akasema unalijua. Ukatibu.

Ni nini kilikufanya umwachie?

Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Nilifika kumi nikapita. Mama akainuka, nikadhani ameamua kunyamaza, akaingia chumbani akatoka na kaunta buku la zamani, lile lililojaa ambalo hawakulichukua. Akalifungua kurasa za mwisho akalilaza mapajani kwangu. Mwandiko ule ule ulionyooka, majina ya akina mama, hisa, hisa, hisa, na chini kwenye jumla kuna namba imekatwa, pembeni namba nyingine imekatwa, na ya tatu imeandikwa kwa penseli ndogo sana kama mtu anayeomba ruhusa. Ukurasa uliofuata hivyohivyo. Mimi mtoto wa mwalimu wa hisabati nikazijumlisha kichwani palepale, ya kwanza ndiyo ilikuwa sahihi.

Nikamwambia mama, hii ya kwanza ulipata.

Akasema najua sasa hivi, siku ile sikujua ni ipi. Akina mama wamekaa wananingoja.

Akafunga lile daftari akalishika kwa mikono miwili. Halafu akaniambia, kalamu yako iko wapi, andika. Wajibu, ukatibu wa kikoba. Sababu, hesabu. Usiandike uzee, andika hesabu.

Nikaandika.